Candida na Simu Mbovu

Siku Bakili alipomwona Candida kwa mara ya kwanza alidhani ni mtu wa serikali, akaifunga droo ya meza yake kwa goti. Si kwamba droo ilikuwa na kitu kibaya. Ilikuwa na skrubu, vipande vya kioo na mswaki wa kusafishia chaji. Lakini miaka aliyokaa Mtaa wa Aggrey ilikuwa imemfundisha kwamba mtu anayesimama mbele ya meza ya fundi simu bila simu mkononi ana jambo lingine, na jambo lingine kwa kawaida halina heri.

Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, begi lake amelivaa kifuani kama wanavyofanya wenyeji wa Kariakoo. Alisubiri mteja aondoke ndipo akasogea.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba."

"Natafuta simu mbovu."

Bakili alimtazama fundi mwenzake, Beno, aliyekaa meza ya pili. Kisha akauliza, "Mbovu vipi?"

"Zinazosumbua. Nzito, sauti inakwama, kioo hakishiki kidole. Kama unayo ambayo kila fundi ameikataa, hiyo ndiyo ninayoitaka hasa."

"Za kuchukua spea?"

"Hapana. Za kutumia."

"Bakili, mpe ya kwako," Beno alisema, akiendelea kuyeyusha risasi ya kulehemia.

Bakili alijibu kwamba hana. Lilikuwa jibu lake la kawaida pale asipoelewa. Tangu utotoni kwao Nachingwea alikuwa mtu wa aibu. Shule aliishia darasa la saba, na maneno mazuri humjia wakati aliyekuwa akizungumza naye keshafika kona ya mtaa. Simu alizipenda kwa sababu hazimuulizi mtu habari za nyumbani.

Candida alirudi kesho yake, na safari hii aliletwa na Tarsis, mwenye duka la jumla la chupa za chai na masufuria katika jengo lililokuwa nyuma ya meza za mafundi. Tarsis kila mtu alimjua, maana sauti yake iliwafikia hata wasiokuwa na haja nayo.

"Fundi, huyu mdogo wangu, tumbo moja," Tarsis alisema. "Anakaa stoo yangu ya juu anafanya kazi ya kompyuta. Kazi ya bure. Umewahi kumwona Mchaga anafanya kazi bure? Basi mtazame vizuri, huenda usimpate mwingine. Msaidie, atuache tupumue."

"Si bure, kaka. Ni ya watu wote," Candida alisema.

"Ya watu wote ndiyo bure yenyewe."

Basi Bakili akapanda ngazi kwenda kuona. Stoo ilijaa maboksi ya chupa za chai hadi darini, na katikati palikuwa na meza, laptop mbili na feni. Candida alimweleza polepole, na kwa kuwa hakumcheka alipouliza, Bakili alielewa zaidi ya alivyotarajia.

"Wenyewe tunaiita maktaba, lakini haina vitabu," alisema. "Chukua mtu anayetaka kutengeneza mchezo wa simu, au programu ya muziki. Lazima ajue kuchora kwenye kioo, kutoa sauti, kujua kidole kimegusa wapi. Sasa kila simu ina tabia yake, na kompyuta ina yake. Aandike kazi ileile mara ngapi? Sisi tumeiandika sehemu hiyo mara moja. Yeye anasema tu, piga sauti hii, na maktaba inajua yenyewe kwenye simu hii sauti inapigwaje. Inaitwa Mkeka. Unatandikwa kwenye sakafu yoyote."

Aliyeuanzisha Mkeka alikuwa kijana mmoja aitwaye Steven, aliyesoma chuo na Candida. Steven alipata kazi benki, akawa anajibu ujumbe kwa wiki, kisha kwa mwezi, kisha basi. Wengine waliokuwa wakisaidia, watu wa nchi za mbali ambao Candida hajawahi kuwaona sura, walipungua mmoja mmoja. Sasa alibaki yeye, na kila asubuhi, kabla hajapiga mswaki, alisoma malalamiko ya watu: hapa picha inacheza, kule sauti haitoki. Alipokuwa akiyasimulia hayo alikuwa akitafuna ukosi wa shati lake. Bakili aliona ule ukosi umelika kweli.

"Na sasa wenye mifumo ya simu wametoa amri," aliendelea. "Njia ya zamani ya kupiga sauti inafungwa mwisho wa Agosti. Lazima nitoe toleo jipya. Nikichelewa, programu zote zilizojengwa juu ya Mkeka zitakataliwa kwenye simu mpya. Nikiharakisha nikakosea, nitawanyamazisha wenye simu za zamani. Na mimi simu za zamani sina."

Kila fundi Kariakoo ana boksi la simu zilizosahauliwa. Mtu anaacha simu itengenezwe, anasafiri, ananunua nyingine, anakufa, harudi. Bakili humsubiri mwenyewe mwaka mzima ndipo aiguse. Boksi lake lilikuwa limejaa, na usiku wa siku ile alishindwa kulala kwa kufikiri kama ni halali kulitoa. Asubuhi aliamua kulitoa.

Lakini hakuweza kulitoa vile lilivyokuwa. Simu zilikuwa chafu, nyingine zina picha za harusi za watu, meseji za watu, siri za watu. Kumpa dada wa watu takataka kama ile angeona haya. Basi akafanya kama afanyavyo fundi mwenye adabu: alifuta vioo kwa spiriti, akabadilisha spika zilizokufa, kisha akaziflashi zote, yaani akafuta kila kilichokuwamo na kuzipakia mfumo upya. Alitumia faili lake moja zuri ambalo huingia karibu kwenye kila simu ya bei ndogo. Akazipanga kwenye boksi safi na kuzipandisha juu.

Candida alizishika moja moja kama mtu aliyeletewa mayai. "Kaka Bakili, sijui nikushukuruje," alisema.

Akamshukuru hivi. Siku moja alimkuta Bakili ameinamia meza hafanyi kitu, akamuuliza kulikoni. Bakili alimwambia habari za kaka yake, Hafidhi, anayeishi naye Buguruni. Hafidhi alikuwa muuza nazi mwenye maneno mengi kuliko nazi zake, hadi kiharusi kilipomchukua upande wa kulia na ulimi. Sasa alikuwa akigonga ukuta kwa kikombe ili aitwe, na watu wa nyumbani wakikisia: maji? choo? joto? Wakikosea, analia.

"Ana simu?" Candida aliuliza.

"Anayo. Hataki hata niiguse. Ina sauti ya marehemu mke wake."

"Usiiguse basi. Nitaiwekea kitu kimoja tu."

Ilikuwa programu ya watu waliopoteza usemi, imetengenezwa na mtu wa Dodoma, na imejengwa juu ya Mkeka. Kioo kina picha: glasi, kitanda, sahani, moyo. Unagusa, simu inasema. Sauti unairekodi mwenyewe. Hivyo Bakili, mtu asiyependa hata kujibu salamu kwa nguvu, alisimama katikati ya chupa za chai na kusema mbele ya simu ya Candida, "Nataka maji. Nimeshiba. Kifua kinauma. Niache nipumzike." Candida aligeukia ukuta ili asimwone akiona haya. Kisha alikwenda Buguruni, akaipakia programu huku Hafidhi mwenyewe ameishika simu yake.

Toka siku hiyo Hafidhi alizungumza kwa sauti ya mdogo wake. Aliipenda zaidi ile ya mwisho. Bakili akirudi kazini, akianza tu kumwinua kitandani, Hafidhi anagusa picha, na Bakili anajisikia mwenyewe akisema, "Niache nipumzike." Mkewe Bakili, Zulekha, alikuwa anacheka hadi anakaa chini. Kikombe kilirudishwa jikoni.

Agosti ilipoingia, Candida alikonda. Beno, ambaye kama vijana wengi wa mtaa ule mkeka kwake ni karatasi ya kubeti mpira, alikuwa anamvizia ngazini. "Dada, mkeka wako wiki hii umetiki?"

"Bado, Beno."

"Utakuwa umeweka timu mbovu."

"Nimeweka mbovu zote."

Hatimaye akashuka siku moja uso umefunguka. Toleo jipya lilikuwa linafanya kazi kwenye simu zote za boksi, hakuna hata moja iliyokwama. "Aina tofauti namna ile," alimwambia Bakili, "zote zinaimba. Nimelitoa leo." Bakili alifurahi, kisha moyo wake ukasita kidogo, hakujua kwa nini. Alidhani ni mazoea yake tu ya kuogopa.

Wiki iliyofuata mtu wa Dodoma alichukua toleo lile na kuijenga upya programu yake kwalo, na simu ya Hafidhi ikajipakulia yenyewe, bila kuuliza mtu.

Asubuhi moja Zulekha alipiga simu. Hakusalimia.

"Njoo. Shemeji nimemkuta sakafuni. Nilikuwa uani nafua, sijasikia kitu."

"Simu hakubonyeza?"

"Kaishika mkononi. Anabonyeza moyo, haisemi. Inakohoa tu."

Bakili hakukumbuka baadaye alifikaje Buguruni. Alimkuta Hafidhi amelazwa, jasho limemlowanisha, kidole bado kinagusa ile picha, na simu ikitoa kitu kama mchanga unaomwagwa kwenye sinia. Zahanati walisema ni presha iliyopanda, wakampa dawa, akatulia. Lakini macho yake hayakutulia. Alimtazama mdogo wake kama mtu aliyezibwa mdomo kwa mkono, na Bakili hakuweza kumtazama usoni. Akamrudishia kikombe, akaomba simu. Kwa mara ya kwanza Hafidhi aliitoa.

Stooni Candida alisikiliza habari yote amesimama. Alipoisikia ile sauti ya mchanga, alikaa.

"Kaka yako yuko salama?"

"Kwa sasa."

"Ni wangapi wengine," alisema, si kwa kumuuliza Bakili. Akaunganisha simu na laptop, akasoma mistari inayopita. Halafu akachomoa simu nyingine kutoka kwenye boksi, akaziweka pamoja. "Sielewi. Hii ni aina ileile, hata rangi. Kwa nini hii inasema na ya kaka yako haisemi?"

Bakili aliziangalia zile simu mbili. Sasa alijua kwa nini moyo wake ulisita siku ile. Alitamani kushuka ngazi, arudi kwenye meza yake, awe anatengeneza kitu cha mtu mwingine. Lakini mawazoni alimwona Hafidhi na kikombe.

"Zile niliziflashi," alisema.

"Zipi?"

"Za boksi."

"Ngapi?"

"Zote. Kwa faili moja."

Feni ilizunguka. Chini Tarsis alikuwa akibishana na mteja juu ya vifuniko.

"Kwa hiyo," Candida alisema polepole, "nilikuwa nikijaribu simu moja. Maganda mengi, simu moja. Niliona zote zinajitaja kwa jina moja, nikasema ndizo simu za Kariakoo, majina hayana maana." Alifunika uso kwa viganja, kisha akaviondoa. "Kwa nini, kaka Bakili?"

"Nisingekuletea uchafu."

Hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Alivuta ukosi mdomoni, akaufikiri mtandao mzima wa watu wenye simu kama ya Hafidhi.

"Nahitaji ambazo hazijaguswa na fundi," alisema mwishowe. "Leo. Nyingi. Zilivyo, na uchafu wake."

Simu kama hizo Kariakoo zilikuwa kila mahali: mifukoni mwa watu. Na hapo palikuwa na tabu. Mtu wa Kariakoo hampi mtu asiyemjua simu yake hata kwa dakika, na mwenye akili hathubutu kuiomba, maana anayeomba simu mtaani ndiye huyohuyo anayekimbia nayo. Bakili alisimama mbele ya meza yake, laptop ya Candida imewekwa juu yake, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ilimpasa awaite watu.

"Samahani," alimwambia mbeba mizigo aliyekuwa anapita na mkokoteni. "Naomba simu yako kidogo."

Mbeba mizigo alimtazama, akashika mfuko, akaongeza mwendo.

Beno aliacha kazi yake. "Wewe unaomba kama unaposa," alisema. "Kaa." Akapanda juu ya kigoda. "Jamani, fundi Bakili anapima simu, bure. Simu inabaki mkononi mwako mwenyewe, hakuna anayeichukua. Za kitochi hatutaki, tunataka za kupangusa, na iwe haijawahi kufunguliwa na fundi. Kama yako ni mpya ya kifahari pita hivi, hapa si pako."

Walianza kuja. Kila mmoja alishika simu yake kwa mikono miwili huku waya ukichomekwa, kama mtu anayemshikia mwanawe achomwe sindano. Candida alipakia programu, Bakili akamwambia mwenye simu aguse picha ya glasi. Na meza nzima ikasikia, mara safi, mara kwa kukohoa, mara kimya kabisa, sauti ya Bakili ikisema, "Nataka maji."

"Maji yapo," alisema mama lishe Kuruthumu, ambaye simu yake ilikuwa na unga kwenye kila tundu. "Lakini wali wa wiki iliyopita bado hujaula, fundi, ulisema utarudi."

Watu walicheka, na Bakili akacheka nao huku mgongo wake umelowa. Kwa sababu zilizokuwa zikikohoa zilikuwa nyingi. Kila ilipokohoa moja, Candida alifumba macho kidogo, kisha akamwuliza mwenyewe aliinunua lini na wapi, na kumshukuru. Tarsis alitoka dukani kufukuza kundi lililoziba mlango wake. Akasimama, akasikiliza. Akauliza ni nini, akaambiwa habari ya Hafidhi. Hakusema neno la mzaha. Alitoa simu yake ya pili, ile ya mizigo, akajipanga.

Jua lilipofika kwenye mabati ya upande wa pili, Candida alikuwa ameshaelewa.

"Simu inakula sauti kwa kijiko," alimwambia Bakili. "Mkeka unaiuliza, unaweza kijiko kidogo kiasi gani? Kidogo ndiyo vizuri, sauti inatoka papo hapo. Hizi zinajibu, naweza kidogo sana. Zinajisifu. Halafu zinapaliwa. Faili lako wewe lilikuwa linasema ukweli."

"Sasa?"

"Tusiziulize. Tuzitazame zinavyokula. Ikipaliwa, tuongeze kijiko."

Aliandika siku zilizofuata karibu bila kula. Bakili alimpelekea wali wa Kuruthumu na kuukuta umepoa. Kwake Buguruni aliweka mkeka chini, kando ya kitanda cha Hafidhi, akalala hapo, na kila kikombe kilipogonga ukuta aliruka. Zulekha alihamishia ufuaji mlangoni. Malalamiko yaliendelea kuingia, mengine ya matusi, na Candida aliyajibu yote kwa maneno yaleyale: kosa ni letu, toleo la kurekebisha linakuja, tafadhali usitegemee sauti hadi hapo.

Toleo hilo lilitoka siku mbili kabla ya Agosti kwisha. Lakini Tarsis alikuwa ameshaongea na nyumbani. Mama yao huko Moshi alikuwa mgonjwa wa miguu, na duka lake la mbegu halina mtu; walikuwa wamemvumilia Candida muda mrefu. Yeye mwenyewe hakubisha. Alisema Mkeka utapata mtu mwingine, au hautapata. Jumatatu alipanda basi la Moshi, na Kariakoo hakurudi tena. Namba yake Bakili anayo mpaka leo. Mara kadhaa amefika hadi kuifungua, kisha akafikiri ataanza na neno gani, akaifunga.

Jumamosi, kabla ya safari hiyo, Candida alishuka na begi lake kifuani na kukaa kwenye kigoda cha wateja. Bakili alikuwa na simu ya Hafidhi, imeshapakiwa programu ya mtu wa Dodoma yenye toleo lile. Hakuwa ameijaribu. Alikuwa ameshindwa peke yake.

Candida aliiweka katikati ya meza, akasogeza visanduku vya skrubu kando. Beno alizima redio bila kuambiwa. Candida akagusa picha ya moyo.

Hakuna kilichotokea. Mkokoteni ukapita. Bakili akahesabu pumzi yake moja, akaanza ya pili, akaona vidole vya Candida vimeshika ukingo wa meza. Kisha simu ikasema, wazi, kwa sauti yake mwenyewe ya aibu, "Kifua kinauma."

Candida hakutabasamu. Aligusa tena, akasubiri muda uleule, ikasema tena. Akaifuta kioo kwa upindo wa shati, akaiinua, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Inachelewa kidogo, na zaidi ya hapo sikuweza," alisema. "Mwambie kaka akibonyeza asubiri. Asibonyeze mara mbili."